Kutoka Goba hadi Msasani: tulivyotafuta nyumba ya kupanga ushuani

Mume wangu ni fundi umeme, na akiingia nyumba yoyote jicho lake huanzia kwenye soketi. Siku hiyo tulikuwa Msasani, upande wa Bonde la Mpunga, dalali anatuonyesha nyumba ya vyumba viwili, sebule na jiko kwa laki nne na nusu kwa mwezi. Kwa eneo lile hiyo ni bei ya kumshukuru Mungu. Rangi mpya, tailizi zinang'aa, dari ya jipsamu. Mimi nilishaanza kupanga kichwani kitanda cha mama mkwe kikae wapi. Mume wangu akasimama katikati ya sebule, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umeona soketi zilipo?"

Zilikuwa usawa wa kifua changu. Zote. Sebuleni, vyumbani, hata ile ya friji.

Dalali akasema mwenye nyumba aliziweka juu ili watoto wasichezee umeme. Mume wangu hakubishana naye. Akatoka hadi mlangoni, akainama, akanionyesha kitu ambacho sote tulikiruka wakati wa kuingia bila kukitilia maanani: kizingiti cha tofali mbili, kimepigwa plasta na kupakwa rangi ileile ya ukuta. Nyumba ya jirani nayo ilikuwa na kizingiti, tena cha tofali tatu. Akarudi ndani, akapitisha kiganja ukutani kuanzia chini kwenda juu, taratibu, kama anayetafuta waya uliofukiwa. Kwenye usawa wa paja rangi ilibadilika mguso. Chini yake ilikuwa na vijibonge vya chumvi, juu yake laini.

"Maji huwa yanafika hapa," akasema.

Ilikuwa Julai, ardhi imekauka, na kama tungekuwa mimi na watoto tu ningelipa siku ileile. Bonde la Mpunga halikuitwa hivyo kwa mapambo. Palikuwa na mpunga kweli, na mpunga huota panapotuama maji. Watu walijenga, mpunga ukaisha, lakini maji ya masika bado yanaijua njia yake. Dar ina sehemu nyingi za namna hiyo. Desemba 2011 mafuriko ya Dar yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, mbali kabisa na mjini. Mgeni atayajuaje haya kama anaonyeshwa nyumba wakati wa kiangazi, na dalali ana haraka, na rangi ni mpya?

Naandika kwa ajili ya huyo mgeni. Mtu aliyepata kazi au uhamisho kuja Dar, ofisi yake iko Masaki au Oysterbay, nyuma yake kuna watoto na pengine mzazi, na mshahara ambao huko alikotoka ulionekana mkubwa. Sisi tulitoka Iringa, tukafika Januari. Kule tulikuwa tunakaa nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja wa kuanika mahindi, kwa laki mbili. Na nyumba ya kwanza tuliyopanga Dar tulikosea.

Tulikosea kwa kufuata ushauri ambao kila mtu alitupa, na kwa nia njema kabisa: "Masaki usiiwaze. Nenda Goba, utapata nyumba kubwa, ina fensi, watoto wanacheza." Tukaenda Goba. Vyumba vitatu, kimoja masta, geti jeusi, migomba nyuma ya nyumba, laki nne kwa mwezi. Tukalipa miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Milioni mbili na laki nane zikaondoka siku moja. Tulifurahi sana. Nilipiga picha ile migomba nikawatumia ndugu zangu.

Goba ni pazuri, sitaki mtu wa Goba anielewe vibaya. Kama unafanya kazi Mbezi, au una gari na saa zako unajipangia mwenyewe, kaa huko ule upepo. Kwangu ilikuwa hivi. Basi la shule lilikuwa linapita saa kumi na moja kamili alfajiri, kwa sababu lazima lizunguke kuokota watoto wengine kabla ya foleni kukaza. Kwa hiyo saa kumi nipo jikoni. Binti yangu wa darasa la nne alijizoeza kuvaa tai gizani bila kuamka vizuri. Mdogo wake, wa la kwanza, alikuwa analala akiwa amesimama, ameegemea geti, begi mgongoni, mkononi kashika chupa ya uji ambao hakuunywa. Nikimulika kwa tochi ya simu naona midomo imekauka. Basi likifika namnyanyua nampa dada wa basi, na yule dada anamlaza kiti cha dirishani, paji la uso kwenye kioo. Kila siku ya Mungu.

Mimi nikitoka saa kumi na moja na nusu, nakaa kwenye daladala hadi Makumbusho, nashuka, natafuta gari nyingine ya kuelekea Msasani. Jioni narudia kinyumenyume, na jioni ndiyo mbaya zaidi. Nikifika nyumbani saa mbili, saa mbili na nusu usiku, watoto wamelala. Kwa mwezi wa tatu niligundua kwamba mwanangu wa darasa la kwanza alikuwa anasoma sentensi nzima, na mimi sikuwepo alipoanza. Bibi yake ndiye aliyenihadithia.

Na huyo bibi mwenyewe, mama mkwe wangu, alikuwa anashinda peke yake ndani ya fensi. Iringa alizoea kupita njiani anasalimiwa "kamwene", salamu ya kwetu, na kila mtu. Goba majirani zetu walikuwa watu wa kuondoka alfajiri na kurudi usiku kama sisi, mageti yamefungwa mchana kutwa. Siku moja nikiwa nafua Jumamosi akaniambia bila hasira, "Mwanangu, mmenileta Dar kuja kulinda geti." Nililia chooni.

Mume wangu ana kaunta buku anayoandikia vifaa na madeni ya kazi zake. Usiku ule tukakaa nayo mezani. Tukaandika kodi, 400,000. Nauli yangu, kama 3,000 kwa siku, siku 22, 66,000. Bodaboda za siku nilizochelewa, 60,000. Basi la shule, 90,000 kwa mtoto, watoto wawili, 180,000. Maji ya boza, kwa sababu bomba letu lilikuwa linatoa hewa kuliko maji, 70,000. Akapiga mstari, akajumlisha: 776,000. Hapo hatujaweka ada, hatujaweka chakula ninachonunua mjini kwa sababu sina nguvu ya kufungasha.

Tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya karibu laki nane na tulikuwa tunaiita ya laki nne.

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka mgeni aifanye kabla hajalipa, si baada. Bei anayokutajia dalali ni kipande tu cha kodi. Kipande kingine unakilipa barabarani, kwenye matangi ya maji, na kwa saa za watoto wako, na hicho hakipo kwenye mkataba wowote.

Basi tukaanza kutafuta upya, safari hii karibu na kazi. Masaki penyewe tulikwenda mara mbili, nikiwa na matumaini ya kijinga lakini ya dhati. Apatimenti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, jenereta, mlinzi, bwawa la kuogelea ambalo hakuna aliyekuwa ndani yake. Mwenyeji wetu akaanza kwa kutaja dola, kisha akajirekebisha akataja shilingi, milioni tatu na kitu. Kujirekebisha huko kuna sababu. Tangu Machi 28, 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na kodi ya nyumba imo. Ni jambo jema sana kwa sisi tunaolipwa shilingi, kwa sababu zamani kodi ilipanda wewe umelala, dola ikiamka vibaya. Ila kichwani mwa wenye nyumba wengi hesabu bado ni ya dola, wanaigeuza tu. Ukiambiwa milioni, omba iandikwe kwenye mkataba kwa shilingi, namba na maneno, na isiwepo sentensi yoyote ya kuibadilisha kwa kufuata dola.

Kwa nini upande ule ni ghali hivyo? Mji huu ulipangwa wakati wa ukoloni kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Oysterbay Waingereza waliitenga kwa ajili ya maofisa wao, viwanja vikubwa, miti, upepo wa bahari. Uhuru ulibadilisha wakaaji, haukubadilisha ukubwa wa viwanja. Lakini Msasani ilikuwepo kabla yao, kijiji cha wavuvi, na haikuondoka. Mji ukakizunguka. Ndiyo maana leo ukitembea dakika kumi na tano kutoka kwenye mageti ya umeme ya Masaki unafika kwenye vichochoro vyenye baraza, jiko la mkaa nje, na mzee anasuka wavu. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliishi Msasani. Anayekuambia hakuna nyumba ya mtu wa kawaida upande huo hajaingia ndani ya vichochoro, anapita barabarani tu.

Mikocheni tuliona nyumba nzuri ambayo tungeichukua kama si vitu viwili. Cha kwanza, LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa moja kwa wapangaji watatu. Mume wangu alikataa hapohapo. Ameshaitwa mara nyingi kusuluhisha ugomvi wa nyumba za namna hiyo: huyu ana friji mbili, yule ana pasi tu, na umeme ukikatika kila mtu anasubiri mwenzake anunue. Hata yenye mita ya peke yako, nunua umeme wa elfu mbili mbele ya mwenye nyumba uone unit zinazotoka, kwa sababu deni la mpangaji aliyepita hukaa kwenye mita. Na ukumbuke kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na sasa ni 1,500. Ni kodi ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni wewe, basi kubalianeni mapema itarudishwaje. Si hela nyingi. Lakini nimeona watu wakinuniana mwaka mzima kwa ajili yake.

Cha pili ni maji. Bomba lilikuwepo, dalali akalifungua, likatoka kwa kishindo. Niliomba kikombe. Nikaonja, chumvi. Yalikuwa ya kisima, yamepandishwa kwenye simtanki asubuhi hiyo. Ukanda wa karibu na bahari una visima vingi vya hivyo: sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha ya machozi, na masufuria yanaota ukoko mweupe. Kwa kupigia deki yanafaa. Kwa hiyo usiulize "maji yapo?" Utajibiwa yapo, na ni kweli yapo. Uliza ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya mji, au ya kisima, yanatoka siku ngapi kwa wiki, na tangi ni la lita ngapi kwa watu wangapi. Mji huu unategemea sana Mto Ruvu, na mwishoni mwa 2022 mto ulipopungua, mgao uliwafikia hata wenye mabwawa ya kuogelea. Nyumba yenye tangi kubwa ndiyo iliyolala usingizi.

Haya maswali usimwulize dalali. Simsemi vibaya, ana kazi yake, analipwa ukilipa. Muulize mama anayekaanga maandazi kwenye kona. Nyumba tuliyomo sasa niliipata kwa namna hiyo. Nilikwenda peke yangu asubuhi mapema, nikanunua maandazi manne na chai, nikakaa kwenye benchi lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgeni?"

Nikamweleza natafuta nyumba, nikamtajia niliyoonyeshwa. Hakunijibu moja kwa moja. Aligeuza maandazi kwanza. Kisha akasema ile nyumba haina shida ya maji ya mvua, iko mwinuko, maji yanapita kichochoro cha chini. Maji ya bomba Jumanne na Ijumaa, yanakuja usiku, ukilala umekosa. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mkali kwenye usafi, hana maneno. Chemba huwa inajaa kila baada ya miezi minne, na hapo ndipo wapangaji waliopita waligombana naye, nani alipe gari la majitaka. Na nyuma kuna baa. "Ijumaa na Jumamosi utaisikia. Ukiweza kuvumilia hiyo, kaa."

Nimezunguka na madalali sita, kila mmoja nimempa hela yake ya kuonyeshwa nyumba, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nusu ya hayo. Tukarudi Ijumaa usiku, saa nne, mimi na mume wangu, tukasimama kichochoroni kusikiliza. Muziki ulikuwepo, ila ukuta wa chumba cha nyuma uliuzuia sehemu kubwa. Mume wangu akaweka sikio ukutani. Tukaamua chumba hicho kitakuwa chetu, watoto na bibi walale cha mbele.

Kodi laki sita na nusu. Vyumba viwili, sebule ndogo, jiko, choo ndani. Miezi sita pamoja na udalali, 4,550,000. Hatukuwa nazo. Tuliuza seti kubwa ya makochi na kabati la nguo, ambavyo visingeingia hata hivyo, nikachukua mkopo kwenye kikoba chetu cha kina mama, na kazini wakanipa nusu mshahara mapema. Ilituumiza. Mtindo huu wa kulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo unawafunga watu wengi mbali na kazi zao, hata wale ambao kodi ya kila mwezi wangeimudu, na mimi naona ni dhuluma iliyozoeleka. Zamani kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo ni makubaliano yako na mwenye nyumba, basi.

Ndiyo maana mkataba tuliusoma pamoja na yule mama mstari kwa mstari, kwenye baraza yake, kisha tukaenda kugonga muhuri ofisi ya serikali ya mtaa. Tuliongeza mambo matatu kwa kalamu: gari la majitaka tunachangia nusu kwa nusu, kodi ikipanda tuambiwe miezi mitatu kabla, na usomaji wa mita ya maji siku ya kuingia. Mume wangu akaipiga picha ile mita. Mama akacheka akasema mpangaji wa namna hii hajawahi kumpata.

Sasa naamka saa kumi na mbili. Watoto tuliwahamishia shule ya serikali ya jirani, na hilo lilinikosesha usingizi kuliko kodi. Darasa lina watoto wengi mno, na Kiingereza chao kimeshuka, nakiri. Ila wanakwenda kwa miguu, wanarudi mchana, na jioni nipo. Nakaa nao mezani saa nzima, najaza mwenyewe pale panapopungua. Kazini nakwenda kwa miguu dakika ishirini na tano, mvua ikinyesha napanda bajaji. Nafasi imepungua sana, sitamdanganya mtu. Binti yangu analala chumba kimoja na bibi na mdogo wake, na anafikia umri ambao hilo halitawezekana kwa muda mrefu. Migomba anaikumbuka. Aliichora na kuibandika ukutani.

Mama mkwe amepata watu. Asubuhi anakaa kwenye benchi la mama wa maandazi, wakati mwingine anamsaidia kukanda. Wavuvi wakipita na ndoo wanamwamkia, na kuna kijana mmoja wa samaki amejifunza kusema "kamwene, bibi," anaitamka vibaya, na bibi anamwekea andazi kila siku.

Mkataba unaisha mwezi ujao. Mama mwenye nyumba alitimiza neno lake, alituambia mapema: anaongeza elfu hamsini. Mume wangu amemwomba aongeze tangi la pili kabla ya kuongeza kodi, na kazi ya kulipandisha juu na kuunga mota ataifanya yeye bila kudai ufundi. Mama amesema atafikiria, tuje tuongee Jumapili akitoka kanisani.

Kaunta buku iko mezani. Tumeshaandika bei ya tangi.